NENO LA CHAMA SOKONI

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu juu ya simu na mitandao katika kuuza mazao, iliyosomwa mbele ya wanachama hapa Nduruma katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo halikutajwa hata mara moja katika mkutano ule wa kwanza, Chama hiki kilipoandikishwa miaka kumi iliyopita. Jambo lenyewe ni kutangaza na kuuza mazao kwa njia ya simu na mitandao ya kijamii. Siku zile tulishughulika na ghala, mizani na vitabu vya hesabu. Leo ni taabu kumpata kijana wa Nduruma avunaye nyanya bila kwanza kuzipiga picha.

Baada ya chakula mtaombwa kupiga kura juu ya shauri moja. Je, mazao yanayopita katika maghala yetu yatangazwe na Chama, kwa namba moja ya simu na jina moja, au kila mwanachama aendelee kujitangazia kama apendavyo? Halmashauri haikuafikiana. Wako waliosema shauri hili litawanyonga vijana wenye bidii, na wako waliosema simu ni mlango wa wezi na afadhali tusiuguse kabisa. Kwa hiyo imeonekana ni heri mambo yaelezwe mbele ya wote kabla mikono haijainuliwa.

Tuanze na faida, kwa maana faida ipo na si haba. Zamani mkulima wa huku chini aliondoka alfajiri na matenga yake, akafika soko la Kilombero mjini Arusha bila kujua bei ya siku hiyo. Aliyeijua ni dalali peke yake. Mkulima angefanya nini? Kurudisha nyanya nyumbani hawezi, kulala nazo mjini hawezi, hupokea alichopewa. Simu ya kawaida tu, ile tuiitayo kitochi, iliiondoa nusu ya taabu hiyo, maana mtu aliweza kumwuliza nduguye aliyeko sokoni kabla ya kupakia. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ikaanza nchini, baada ya kuanza Kenya mwaka 2007, na malipo yakaweza kufika kijijini bila mtu kubeba fedha kiunoni. Kisha zikaja simu janja na WhatsApp, ambayo ilianzishwa Marekani mwaka 2009. Mwaka 2018 wenye WhatsApp walitoa namna maalumu kwa wafanyabiashara, na mwaka uliofuata wakaongeza orodha ya bidhaa, ambamo muuzaji huweka picha, bei na maelezo ya kila kitu alichonacho, na mteja akaipitia orodha hiyo kama apitavyo mbele ya rafu za duka. Namna hii haidai ada ya kujiandikisha. Gharama yake ni bando, na uangalifu.

Kando ya hiyo kuna Facebook, Instagram na TikTok. Kila mmoja una desturi yake. Facebook una makundi makubwa ya watu wa shauri moja, na wakulima wa Kenya wameyatumia vizuri. Mathalani Bwana Joseph Macharia alianzisha Mkulima Young mwaka 2013, na vijana wengi wakapata mahali pa kuulizana habari za kilimo na kutangaza walichonacho. Instagram hupenda picha nzuri. TikTok hupenda sinema fupi, na siku hizi wauzaji huonyesha bidhaa zao moja kwa moja huku wateja wakiuliza bei papo hapo, jambo ambalo vijana huliita laivu. Mitindo hii hubadilika upesi kama mitindo ya nguo, wala hatuoni sababu ya Chama cha wakulima kuikimbilia yote. Ajuaye kuuza nguo za harusi kwa laivu hajui lazima kuuza magunia ya maharage.

Ila jambo moja lafaa lieleweke na kila mmoja wetu. Mitandao hiyo haimwonyeshi kila mtu kila tangazo. Mtambo wake huhesabu ni kitu gani kinachowakalisha watu wakitazama, na hicho ndicho kinachosambazwa. Mtambo haujui kama nyanya ni mbichi au zimeoza. Wajua tu kwamba watu wamesimama kutazama. Kwa hiyo kijana mwenye wafuasi elfu kumi aweza kukosa mnunuzi hata mmoja, kwa maana wengi wao wako mbali na walikuja kucheka tu. Wako hata wauzao wafuasi wa bandia kwa fedha. Sisi twashauri hesabu ifanywe kwa matenga yaliyouzwa na fedha zilizopokewa, na wafuasi wahesabiwe na wenye nafasi.

Sasa tuingie katika kiini cha shauri lenyewe.

Siku ya Jumamosi, katika soko la Tengeru, mnunuzi huibonyeza nyanya kwa kidole, huivunja karoti, huingiza mkono ndani ya gunia mpaka chini aone kama maharage ya chini yafanana na ya juu. Hana haja ya kumwamini muuzaji, maana mali iko mbele yake. Katika simu mambo hayawi hivyo. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Mombasa haoni mali; aona picha na kusoma maneno. Neno la muuzaji ndilo lililosimama mahali pa mali. Likiwa kweli, atanunua tena kesho. Likiwa uongo, atanunua mara moja tu, kisha atawaambia wenzake kwamba watu wa Nduruma ndivyo walivyo, wala hatatafuta kujua ni nani kati yetu aliyemdanganya.

Kuuza kitu kisichoonwa si jambo geni katika dunia hii, tena limekuwa karibu nasi kuliko tudhaniavyo. Maua yaliyolimwa katika mashamba makubwa ya Arusha yamepelekwa Ulaya kwa miaka mingi, na soko kubwa la maua la Ulaya liko Aalsmeer, nchini Uholanzi. Huko maua huuzwa mnadani kwa saa kubwa: bei huanzia juu ikashuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayepata. Wanunuzi wengi siku hizi hawaendi mnadani. Hukaa ofisini mwao na kununua kwa mtambo. Waweza kufanya hivyo kwa sababu kila mzigo una maelezo ya urefu wa shina, daraja la ubora na jina la mkulima, na asemaye uongo hujulikana siku ile ile. Hapa kwetu, tangu msimu wa 2024/2025, korosho zimeuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mzigo uko ghalani, umepimwa uzito na ubora, na mnunuzi hutaja bei yake akiwa mbali. Hapana mtu angeweka bei hivyo kama vipimo vya ghala visingeaminika.

Twauliza basi: hapa Nduruma ni neno la nani linaloweza kuaminiwa namna hiyo? Mkulima mmoja mmoja, hata awe mwaminifu kama nini, hana mizani iliyokaguliwa, hana karani, hana kitabu. Na akidhulumiwa hana wa kumsimamia. Chama kinavyo hivyo vyote, au chapaswa kuwa navyo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda umoja wao wa KNPA mwaka 1925, na baadaye KNCU mwaka 1933, hawakufanya hivyo kwa kupenda mikutano. Waliona kwamba mkulima mdogo akienda peke yake kwa mnunuzi mkubwa hupewa bei ya mtu peke yake. Na wazee wa Meru wajua vizuri zaidi habari ya mwaka 1952, pale Kirilo Japhet alipofika Umoja wa Mataifa huko New York kuwasemea watu walioondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka uliotangulia. Watu walichanga fedha zao ili mmoja aende aseme kwa niaba ya wote. Neno lile lilisikilizwa kwa sababu nyuma yake walikuwapo watu wanaojulikana. Hatulinganishi nyanya na ardhi, la hasha. Twasema tu kwamba kusema kwa umoja si desturi tuliyoletewa jana na simu.

Hapa hatuna budi kugusa jambo linalouma, nalo ni lumbesa. Kila mmoja wetu hulalamika juu yake. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, nao Wakala wa Vipimo wamekuwa wakisema hivyo mwaka hata mwaka. Lakini tazameni matangazo yetu wenyewe katika makundi ya simu: “Gunia la vitunguu, bei maelewano.” Gunia gani? La kilo ngapi? Limeshonwa kofia au halikushonwa? Atangazaye gunia bila kutaja kilo amekwisha kumfungulia mnunuzi mlango wa kudai lumbesa, kisha huja ofisini kulia. Vivyo hivyo tenga la nyanya: matenga hayafanani. Na sado ya huku si lazima iwe sawa na sado ya kule. Tangazo la Chama, kama likikubaliwa, litataja kilo, na kilo hizo zitakuwa zimetoka katika mizani ya ghala mbele ya mwenye mali.

Mfano wa tangazo tunalolikusudia ni huu: “Nyanya za Nduruma. Zimechumwa leo asubuhi, tarehe fulani. Matenga arobaini, kila tenga kilo kadha wa kadha kwa mizani ya ghala. Tatu katika kumi zimeiva kabisa, zilizobaki zina rangi nusu. Bei hii, ghalani. Njoo uzione au mtume mtu wako.” Hamna picha iliyotafutwa mtandaoni, hamna maneno ya majivuno. Wako vijana waliotucheka wakisema tangazo hili ni baridi kama uji wa jana. Huenda ni kweli. Lakini mnunuzi wa fuso nzima hatafuti kuchekeshwa. Atafuta kujua kama gari lake litajaa na kama mzigo utafika salama.

Twawajibu sasa vijana wenye kurasa zao, kwa kuwa malalamiko yao yana haki ndani yake. Wamesema: “Sisi tumetumia bando zetu na usiku wetu kuwatafuta wateja, leo Chama chataka kutunyang'anya.” Haikusudiwi hivyo. Mazao ambayo mtu hakuyaleta ghalani ni yake, na atayatangaza apendavyo. Yaliyoletwa ghalani yametiwa jina la Chama, na jina hilo ni la wote. Mtu mmoja asilitie maneno yasiyopimwa. Tena, mteja aliyeletwa na kijana ataandikwa katika kitabu pamoja na jina la aliyemleta. Halmashauri imependekeza apewe ujira kwa kila mzigo ununuliwao na mteja huyo, na kiasi chake mtakiamua ninyi. Kwa maoni yetu jambo hili ni la haki, na bila hilo shauri zima halitadumu hata msimu mmoja. Vijana hawa ndio wajuao kuipiga nyanya picha ikatamanika. Chama kikiwapoteza kitabaki na mizani tu.

Na kwa wazee waliosema simu ni mlango wa wezi: nao wamesema kweli. Mwenzetu mmoja, ambaye hapendi atajwe, alipakia matenga yake katika gari la mtu waliyejuana naye kwa simu tu. Kabla gari halijaondoka alipokea ujumbe unaosema fedha zimeingia. Ujumbe ulikuwa na maneno yote kama yalivyo desturi, hata salio liliandikwa. Gari likaenda. Jioni alipotaka kutoa fedha akaona hazikuingia hata senti moja; ujumbe ule ulitoka katika namba ya mtu wa kawaida. Msimu wote wa mwenzetu ulikwenda na gari lile, na watoto wawili walichelewa kwenda shuleni kwa ajili hiyo. Namba ilipopigwa haikupatikana tena.

Tangu siku hiyo tumeshika kanuni ambayo twaomba ishikwe na kila mtu, awe anauza kwa Chama au peke yake. Ujumbe wa simu si malipo. Malipo ni salio lililotazamwa na mpokeaji mwenyewe katika orodha ya huduma ya kampuni yake ya simu. Gari lisitoke kabla salio halijatazamwa, hata kama dereva anapiga honi, hata kama mnunuzi anasema mama yake yuko hospitali. Kwa Chama, malipo yatapokewa kwa Lipa Namba iliyoandikishwa kwa jina la Chama, wala si kwa laini ya karani, wala ya Katibu, wala ya Mwenyekiti. Laini zote nchini huandikishwa kwa alama za vidole; kila mmoja aweza kupiga *106# kuona ni namba zipi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake, maana wako walioona namba wasizozijua. Na ujumbe wa kitapeli, ule wa “fedha ile tuma kwenye namba hii”, hupelekwa kwa 15040 pamoja na namba iliyoutuma, ili namba hiyo ishughulikiwe. Kuufuta tu na kunyamaza ni kumwachia jirani mtego.

Wezi hao si sababu ya kuiacha simu, kama vile lumbesa si sababu ya kuacha kulima vitunguu. Tena simu janja si lazima kwa kila mwanachama. Nchini Kenya, eneo la Lanet Umoja katika Nakuru, alikuwapo chifu mmoja, marehemu Francis Kariuki, ambaye mnamo mwaka 2012 habari zake zilienea duniani. Alitumia Twitter kuwaarifu watu wake: mwizi ameingia nyumba fulani, kondoo wa fulani amepotea, baraza ni siku fulani. Wengi wa watu wake walikuwa na simu za kitochi tu, na maneno yake yaliwafikia kwa njia ya ujumbe mfupi. Nguvu yake haikuwa katika mtambo. Ilikuwa katika kwamba kila mtu alijua ni chifu anayesema, husema kwa ufupi, na husema lililo kweli. Nasi twakusudia bei za kila siku zilizothibitishwa na Chama zitumwe kwa ujumbe mfupi kwa wenye vitochi, na zibandikwe katika ubao wa kila ghala kwa ajili ya wasio na simu kabisa. Akina mama wanaouza mchicha na sukuma wiki kwa mafungu wasiachwe nyuma. Hao hupoteza zaidi bei inaposhuka, maana mali yao haingoji hata siku mbili.

Juu ya bei twaongeza neno. Katika makundi ya simu huzunguka habari za bei ambazo hakuna ajuaye zilikotoka. Mwaka 2019 WhatsApp waliweka mpaka, ujumbe usipelekwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na mwaka 2020 wakapunguza zaidi kwa ujumbe uliozunguka mno; ujumbe huo huonekana kwa alama ya mishale miwili. Mkiona mishale miwili juu ya bei ya vitunguu, ulizeni: bei ya soko lipi? ya siku gani? kwa kipimo gani? Msimu uliopita wako waliozuia vitunguu vyao shambani kwa ajili ya bei iliyosemekana kuwa ya Nairobi, kumbe ujumbe ule ulikuwa wa zamani. Mvua haikuwangoja.

Sheria nayo twapaswa kuitaja, ingawa kwa ufupi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu atoaye habari za uongo kwa kompyuta au simu akijua ni uongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yahusu majina, namba na picha za watu. Kitabu cha wanachama wetu kimejaa majina na namba. Hakitapigwa picha na kutupwa katika kundi, hata kwa nia njema. Wala picha ya bibi aliyeinama shambani isitangazwe bila ridhaa yake, hata ikiwa inavuta wateja namna gani. Tena, kwa amri iliyotangazwa mwezi Julai 2025, wasio raia wamekatazwa kufanya biashara kadhaa nchini, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Kwa hiyo mnunuzi wa nchi jirani aliyepatikana kwa simu asielekezwe njia ya shamba. Aelekezwe ofisini, na Bwana Afisa Ushirika ataeleza lipasalo.

Limebaki jambo moja, na kwetu sisi ndilo zito kuliko mengine. Katika mitandao hii sisi ni wapangaji. Nyumba ni ya wengine, na mlango waweza kufungwa bila sisi kuulizwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi kwa hitilafu ya wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zipitazo chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikawa dhaifu sana katika Tanzania na nchi jirani. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hatukusimama hapa kuzihukumu sababu za kila tukio. Twatazama upande wa mkulima. Nyanya iliyoiva siku hiyo haikujua kuwa intaneti imezimwa. Mwenye wateja wote ndani ya simu, pasipo namba hata moja karatasini, afanye nini na matenga yake?

Kwa ajili hiyo shauri letu lina sehemu ambayo vijana wameiona kuwa ya kizee. Kila mnunuzi anayepatikana kwa mtandao ataandikwa katika kitabu kwa wino: jina, mji, namba zake mbili kama anazo, mazao anunuayo, siku aliyolipa na kama alilipa kamili. Nakala moja itakaa ghalani, nyingine kwa Mweka Hazina. Mtandao ukizimika, karani atapiga simu ya kawaida. Simu ikishindikana, gari la Kilombero lingalipo, na dalali, ambaye tumemsema vibaya tangu mwanzo wa hotuba hii, naye ataandikwa kitabuni kwa heshima zote. Wako madalali waaminifu, na kuna siku tutawahitaji.

Ndugu wanachama, shauri basi ni kama ifuatavyo. Chama kiwe na namba moja ya matangazo, itunzwe na watu wawili waliochaguliwa na mkutano huu, mmoja wao awe kijana na mmoja awe mwanamke, nao wabadilishwe kila mwaka. Neno la siri la kuifungulia liandikwe na kufungwa katika bahasha ndani ya sanduku la Chama, ili mmoja akiugua au akiondoka Chama kisibaki nje ya mlango wake. Pasitangazwe kitu kisichokuwamo ghalani na kisichopimwa. Malipo yaingie katika Lipa Namba ya Chama peke yake. Aletaye mteja aandikwe na apewe ujira wake. Na shauri hili lijaribiwe kwa msimu mmoja wa nyanya na mmoja wa vitunguu, kisha hesabu isomwe mbele yenu: matenga mangapi yaliuzwa kwa namba hiyo, kwa bei gani kulinganisha na bei ya Kilombero siku ile ile, na mzigo upi ulirudishwa na kwa nini. Hesabu ikionyesha hasara, mtalifuta.

Kitabu cha wanunuzi kimekwisha kupigwa mistari, nacho kiko juu ya meza ya karani karibu na mizani. Wenye namba za wanunuzi waaminifu wanaweza kuziandikisha kabla ya kura, ikiwa wanunuzi hao wameridhia. Wasiotaka kuziandikisha mpaka waone kura imekwendaje, nao tunawaelewa. Karani atakuwapo mpaka saa kumi na moja jioni.